Mshenga Asiyetia Sukari

Mimi ni mshenga. Nalisema mapema msije mkadhani hadithi hii inasimuliwa na mtu wa kompyuta. Nimeunganisha nyumba kumi na moja hapa Kisauni, kuanzia Mlaleo mpaka Mtopanga, na katika hizo kumi na moja haijavunjika hata moja. Moja ilitaka kuvunjika, nikaenda nikakaa nao siku tatu, nikala chakula chao na kuwachosha wote wawili mpaka wakapatana ili niondoke. Kwa hiyo anayetaka kuniambia kazi hii siijui, aje aniambie usoni.

Mshenga mzuri hafikishi neno kama alivyolipokea. Nyumba mbili zikitaka kuoana huogopana, na watu wakiogopa husema maneno makali ambayo kesho yake hawayataki tena. Mama wa mume akisema, "Watu wale wanaringa," mimi nikifika upande wa pili nasema, "Wanawasalimu sana, wanasema nyinyi ni watu wa kujiheshimu." Natia sukari kidogo tu, na hakuna aliyewahi kulalamika. Siku ninayowasimulia, sukari yangu ilitaka kuniaibisha mbele ya watu wazima na kanzu zao za Idi.

Nyumba ya kumi na mbili ilikuwa ya Ihsan na Basma. Ihsan ni mtoto wa shoga yangu Nyamvula, na sote watatu tunakaa jengo moja pale Bakarani: mimi juu, wao chini. Nyamvula ni Mdigo wa Likoni, mjane, mwenye sauti ya kumsimamisha mtu aliye ng'ambo ya barabara. Amemsomesha mwanawe kwa karai la viazi, hapo hapo nje ya mlango wake, mpaka akawa fundi wa kompyuta. Basma naye ni mwalimu wa hesabu katika shule moja ya Timbwani, binti wa ukoo wa zamani wa biashara, watu wanaokutajia mababu saba bila kuvuta pumzi. Wawili hawa walijuana Ihsan alipokwenda kutengeneza kompyuta za shule. Mama yake Basma alishafariki. Baba yake, Bwana Ghanim, ni fundi mkuu wa mashine melini, na meli yake hutia nanga Salala, kule Omani. Ruhusa ya kumwoza Basma ilikuwa mdomoni mwake peke yake.

Kwa miezi minne nilikuwa nikimpelekea Bwana Ghanim sauti kwa simu, naye akinirudishia. Nilipomtajia posa mara ya kwanza, jibu lake lilikuwa hili, nalikumbuka neno kwa neno: "Muuza viazi wa Bakarani? Na huyo mama ni nani, wa ukoo gani?"

Nikashuka ngazi. Nikamkuta Nyamvula ameinamia karai lake, jasho linamtiririka, ameshaukaza moyo kungoja kutukanwa.

"Haya, sema," akaniambia. "Amesemaje huyo bwana mkubwa?"

"Amesema mwanamke aliyemsomesha mwana kwa karai lake mwenyewe ni mtu wa kupewa heshima," nikamwambia. "Na angependa kukujua."

Nyamvula alijipangusa mikono, akaingia ndani, na alipotoka alikuwa amejitanda leso mpya. Viazi vya siku ile viliungua kidogo, na wateja walivila hivyo hivyo.

Baadaye Bwana Ghanim akauliza jambo lake kubwa: je, binti yake ataachwa aendelee kusomesha? Nikashuka tena. Nyamvula akashika kiuno. "Kila siku atoke Kisauni mpaka Timbwani, avuke maji kwenda na kurudi? Atapika saa ngapi? Mwambie kwangu mimi hakuna mwalimu. Kwangu kuna sima ya kusongwa na viazi vya kumenywa."

Nikapanda ngazi, nikakaa, nikakohoa kidogo kusafisha koo, nikamrekodia Bwana Ghanim: "Bi Nyamvula anasema Basma kwake atakuwa mboni ya jicho. Kazi yake ataendelea nayo, na akirudi kutoka shule atakuta chakula tayari."

Kusema kweli, nilijiona fundi. Na mambo yalikwenda mswano. Pande zote mbili zikawa zinaulizana hali kupitia kwangu, zinatumiana salamu, mpaka wiki moja kabla ya Idi, Bwana Ghanim aliponitumia sauti iliyonikausha mate.

"Bi Zubeida, nimeridhika na maneno unayonifikishia," alisema. "Sasa nataka kumwona mama yake Ihsan kwa video, nimsikie kwa kinywa chake, kisha nitoe jibu langu. Idi mosi tutakuwa gatini Salala. Magharibi twang'oa nanga, na hatutaona nchi kavu tena kwa miezi mitatu."

Kwa kinywa chake! Jamani, kinywa cha Nyamvula nakijua mimi.

Sasa sikilizeni Mungu alivyonihurumia, au nilivyodhani amenihurumia. Alfajiri ya Idi umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na kisanduku cha waifai kikatoa harufu ya plastiki na kufa. Intaneti ya jengo letu huingia kwangu juu, kwa waya mwembamba unaofika kwenye kidude cheupe ukutani. Kidude kilipona. Kisanduku, ambacho ndicho kilichokuwa kikiwagawia watu wa chini, kilikuwa kimekwisha. Maduka yote ya vitu hivyo yalikuwa yamefungwa, watu wako kwenye sala ya Idi na pilau zao. Na ndani kwa Nyamvula simu haishiki, kwa sababu nyumba imebanwa na maghorofa pande mbili. Ukitaka kusema na mtu lazima utoke usimame barabarani. Ihsan alimwambia mama yake waje wote wakae kwangu juu. Nyamvula akakataa katakata.

"Mkwe wangu nimpokee katika nyumba ya mtu mwingine? Siku ya kwanza? Kwani mimi sina kwangu?"

Alikuwa ameshaupamba ukumbi wake. Televisheni kubwa ameifuta mpaka inang'aa, mazulia ameyatandika, na kaka zake wawili walikuwa wameshavuka kutoka Likoni wakiwa na kanzu zilizopigwa pasi mpaka zinasimama zenyewe. Watu wote nyuso zilikuwa chini. Mimi nilikunja uso wangu ufanane na zao, lakini moyoni nilikuwa nasema Alhamdulillahi. Miezi mitatu ni mingi. Katika miezi mitatu ningeweza kumwandaa Nyamvula taratibu, kidogo kidogo, mpaka maneno niliyomsemea yawe yake.

Ihsan akaja juu, amesimama mlangoni na kanzu yake nyeupe na kofia ya vito, anaiangalia sebule yangu kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Khalati," akasema, "nitalitumia kasha."

Kasha ndilo jina nililoipa kompyuta yake. Ni kompyuta kubwa ya kazi, nyeusi, nzito kama mfuko wa unga. Ilikuwa ya ofisi moja ya wachora ramani za majumba, na walipopata mpya Ihsan akaichukua ile. Kwa mama yake haikai kwa sababu ya moshi wa mafuta, kwa hiyo inakaa kwangu. Mimi niliifunika kitambaa nilichokidarizi mwenyewe, na juu yake nikaweka chetezo cha udi. Ihsan ameshaniomba mara nyingi nisiweke moto juu ya kompyuta.

"Utalitumia kwa lipi?" nikamuuliza. "Hilo ni kompyuta. Kilichokufa ni ruta."

"Ruta ni kompyuta ndogo tu, khalati. Tofauti ni kazi." Akaondoa chetezo, akaondoa kitambaa, akaligeuza kasha. "Tazama nyuma. Lina mashimo mawili ya waya. Wenye kuchora majumba walikuwa wakitaka mawili. Hapa natia waya wa nje, unaotoka ukutani. Hapa natia waya wa kwenda kwa mama."

Akatoa waya mrefu wa buluu, akauchomeka, ncha ya pili akaitoa dirishani kwangu, na mjomba wake mmoja akaipokea dirishani kwa Nyamvula. Nikachungulia. Ulining'inia ukutani pale nje, umepita juu ya karai lililogeuzwa, mbele ya watoto wa jirani waliosimama na nguo zao mpya kushangaa.

Ihsan akakaa, akaanza kuandika. Nikamsimamia. Sikuwa na nia njema, nilikuwa naomba lishindikane.

"Sasa hapo lafanya nini?"

"Kazi yako," akasema bila kugeuka.

"Kazi yangu gani?"

"Ushenga. Huku ni kwa mama, huku ni kwa walimwengu. Mama hamjui mtu wa nje, na wa nje hamjui mama. Wote wanalijua kasha peke yake. Mama akituma neno, kasha linalitoa nje kwa jina lake lenyewe. Jibu likirudi, linakumbuka ni nani aliyetuma, linamfikishia."

Nikavuta kiti. Kwa mara ya kwanza tangu lije nyumbani kwangu, kasha lile lilikuwa na maana. "Huyo ni mimi," nikasema.

"Ni wewe hasa. Lakini halijaanza. Hii ni kompyuta ya mtu mmoja, imezoea kupokea barua zake tu. Ikipata barua isiyo yake, inaitupa."

"Ina adabu. Ya watu haiyataki."

"Ndiyo. Sasa naiambia isitupe." Akanionyesha kwa kidole. "Pale pana sifuri, yaani kisicho changu nakitupa. Naifuta, naweka moja, yaani kisicho changu nakipitisha."

"Neno la watu lalipitisha vipi?"

"Kama lilivyokuja."

"Bila kulirekebisha?"

"Hata halifungui, khalati. Lililoingia ndilo linalotoka."

"Basi ni mshenga mbaya hilo," nikasema, na sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyotaka. "Litaua harusi."

Ihsan alicheka mpaka kofia ikamwenda upande. Chini nikasikia shangwe: televisheni ya Nyamvula imepata intaneti. Kwenye kioo cha kasha tarakimu zilianza kupanda mbio, na Ihsan akaniambia kila tarakimu ni vifurushi vya maneno na picha vinavyopita.

"Jambo moja tu," akasema akisimama. "Maagizo haya nimeyaweka juu juu, sijapata nafasi ya kuyaandika ndani. Kasha likizimika litasahau kila kitu, litarudi kutupa barua za watu. Nakuomba asiliguse mtu mpaka tumalize."

"Nitalilinda mimi," nikasema haraka.

"Hutashuka? Wewe ndiye mshenga, khalati. Mahali pako ni mbele."

"Nani atalilinda basi? Shuka, mwanangu. Mimi niko hapa."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Waliponihitaji ukumbini, nilijificha juu kwa kisingizio cha ulinzi, kiti changu kati ya dirisha na kasha.

Baada ya sala ya alasiri simu ikapigwa. Nyamvula alikuwa ameifungulia televisheni sauti yote, kwa hiyo niliyasikia yote kupitia dirishani. Nikasikia salamu, na Idi Mubarak, na hali za wakubwa na wadogo. Sauti ya Bwana Ghanim ilikuwa nzito na ya taratibu. Kaka zake Nyamvula walimjibu vizuri. Kisha akasema:

"Bi Nyamvula, mimi na wewe hatujapata kusemezana. Lakini kuna neno lako moja, mama, nimelisikiliza melini mara tatu. Umesema Basma atakuwa mboni ya jicho lako, ataendelea na kazi yake, na akirudi kutoka shule atakuta chakula tayari. Nataka unirudilie neno hilo, nilisikie kwako."

Kule chini kukawa kimya.

Nyamvula hanyamazi. Nimekaa naye miaka kumi na tisa na sijapata kumsikia akinyamaza kwa muda ule. Nikajua anatafuta kichwani mwake ni lini alisema maneno hayo, na hayapati. Nikajua kinachofuata. Atasema, "Mimi?" kwa sauti yake ile, na Bwana Ghanim atajua, na atauliza mangapi mengine ni ya uongo, na Ihsan atasimama pale na kanzu yake nyeupe akimwangalia baba wa Basma akikata simu.

Sikufikiri zaidi. Kitufe kiko mbele ya kasha, kinawaka kijani. Nikakibonyeza na kukishikilia, kama nimwonavyo Ihsan akifanya likimgomea. Kasha likashusha pumzi, tarakimu zikapotea, taa ikazima.

Chini kukalipuka makelele. "Umeme!" "Si umeme, feni yazunguka!" "Guseni ule waya!" Nikasikia ngazi zikipandwa mbili mbili, na Ihsan akawa mlangoni.

"Khalati, limezimika?"

Jibu nilikuwa nalo. Limezimika lenyewe, mwanangu, limeshtuka tu. Tamu, fupi, na hakuna ambaye angenishika. Lakini Ihsan hakuningoja nijibu. Aliitazama saa ya ukutani. Saa kumi na moja na robo, na kule Salala wako mbele yetu kwa saa nzima, magharibi yao ilikuwa karibu. Akakaa sakafuni, na kanzu yake ile ya Idi, akaegemeza kichwa ukutani.

"Miezi mitatu," akasema. "Tena."

Hakunikasirikia. Angenikasirikia ningepata la kumjibu, maana kwa kujibizana siko nyuma. Lakini alikaa tu pale, na niliona aibu ambayo sijapata kuiona tangu niwe mtu mzima.

"Nimelizima mimi," nikasema.

Akainua kichwa.

"Mama yako hakusema vile. Hata neno moja. Alisema kuna sima ya kusongwa na viazi vya kumenywa. Na baba yake Basma hakusema habari za heshima wala karai. Aliuliza mama huyo ni nani. Niliyatunga mimi, Ihsan, yote niliyatunga mimi, na sasa wanaulizana."

Nilingoja. Ihsan aliniangalia, midomo ikaanza kumcheza, na mara akacheka, si kidogo, akacheka akijishika mbavu pale sakafuni.

"Tunajua, khalati."

"Mnajua nini?"

"Kila sauti mnayotumiana, baba yake humpelekea Basma, tangu ile ya 'huyo mama ni nani'. Mimi nilikuwepo ulipomfikishia mama. Jioni tukaandikiana tukalinganisha. Tangu siku hiyo kila ukipeleka neno tunalinganisha. Ile ya 'chakula tayari' Basma aliisoma darasani, akashindwa kujizuia, wanafunzi wakamuuliza mwalimu ana nini."

"Na mkanyamaza! Mkaniacha nipande na kushuka ngazi na magoti haya!"

"Tungesemaje? Ulikuwa unafanikiwa. Mama siku hizi simu yako ikilia anajitanda leso nzuri kabla hujafika chini. Na baba yake Basma amemuuliza binti yake viazi vya karai hupikwa kwa unga gani." Akasimama, akajikung'uta kanzu. "Lakini leo, khalati, waache wasikilizane wenyewe. Wakikataana, wakataane kwa maneno yao."

Akaliwasha kasha. Jamani, kasha lile ni zito kuamka. Chini Nyamvula alikuwa akiita, "Imekuwaje huko?" na Ihsan akimjibu, "Inakuja, mama!" na kioo kikiwa cheusi, kisha maandishi, kisha cheusi tena. Mwishowe likafunguka. Ihsan akaandika, vidole vinakimbia, mstari baada ya mstari, akaupachika tena ule ushenga wote. Kisha akafika kwenye ile sifuri. Akaifuta, akasukuma kibao cha herufi mbele yangu.

"Weka wewe."

"Mimi? Nikiharibu?"

"Ni moja tu. Kisha ubonyeze huu ufunguo mkubwa."

Nilijua anachonifanyia, mshenzi yule mdogo. Nikavaa miwani. Nikaitafuta moja, nikaibonyeza kwa kidole cha shahada, kisha ule ufunguo mkubwa. Tarakimu zikaanza kupanda. Ihsan akanibusu mkono, akaruka ngazi.

"Mlikwenda wapi?" Bwana Ghanim alikuwa akiuliza. "Hapa wameshaanza kufungua kamba. Bi Nyamvula, nilikuuliza."

Nikaiweka mikono yangu miwili mapajani, mbali na kitufe.

"Umeniuliza," Nyamvula akasema. "Nami nimefikiri wakati huo ulipopotea. Bwana Ghanim, mimi si mtu wa kuficha. Neno hilo sikulisema."

"Hukulisema?"

"Sikulisema. Nilisema kwangu kuna sima ya kusongwa."

Nikafumba macho.

"Ajabu," akasema Bwana Ghanim taratibu. "Na mimi, Bi Nyamvula? Uliambiwa nimesemaje juu yako?"

"Niliambiwa umesema mwanamke aliyemsomesha mwana kwa karai lake mwenyewe ni mtu wa kupewa heshima."

"Wallahi sikusema."

"Hukusema?"

"Nisamehe, mama. Niliuliza, huyo ni nani, wa ukoo gani."

Halafu nikasikia kitu ambacho mwanzo sikukitambua, kama mtu anayepaliwa. Alikuwa Nyamvula, anacheka. Kicheko kilianzia tumboni, polepole, kikapanda mpaka kikatoka nje ya nyumba, na kwenye televisheni Bwana Ghanim naye akaanza, kicheko cha mtu aliyezoea kelele za mashine. Kaka zake Nyamvula wakawafuata. Hata watoto waliosimama nje karibu na waya walicheka, bila kujua wanacheka nini.

"Zubeida huyo!" Nyamvula akasema akivuta pumzi. "Ati chakula tayari! Mimi! Huyu Ihsan mwenyewe hajapata kukuta chakula tayari!"

"Lakini nikwambie kweli," Bwana Ghanim akasema, na kicheko kikamwisha taratibu. "Neno lile nililisikia usiku wa zamu, nikamkumbuka mama yake Basma. Alikuwa mwalimu na yeye. Kwetu alikuta kazi za nyumba, hakukuta chakula tayari, akaacha kusomesha. Nikasema, mama huyu wa Bakarani ametushinda. Ndiyo sababu nilitaka kukuona."

Nyamvula aliposema tena, sauti yake haikuwa ile ya barabarani.

"Na mimi niliambiwa mtu wa ukoo kama wako ananiheshimu na karai langu. Nikawa nalisugua kila asubuhi, Bwana Ghanim, nalisugua mpaka linang'aa, nikisema akija asilione chafu. Sasa nisikilize, maana hili nalisema mimi, si Zubeida. Ataendelea kusomesha. Na akirudi kutoka Timbwani atakuta chakula."

"Tayari?"

"Tayari. Lakini ni viazi."

Nilikuwa nalia. Sioni haya kusema. Nilikuwa nimekaa mbele ya kasha, machozi yananidondokea kwenye kibao cha herufi, na tarakimu zinapanda, zinapitisha kila kitu kama kilivyokuja.

"Basi jibu langu ninalo," Bwana Ghanim akasema. "Lakini jibu la posa siwezi kukupa wewe, Bi Nyamvula, hilo lina mwenyewe wa kulifikisha. Yuko wapi mshenga?"

"Zubeida!" Nyamvula akaita, na dirisha langu likatetemeka.

Nina miaka sitini na miwili. Nina wajukuu. Lakini nilivyoitwa, nilisimama wima kama msichana aliyeonekana na kidole ndani ya sufuria ya halua.

"Abee!"

"Njoo huku chini wewe!"

Nikashuka nikishika ukuta. Ukumbini wote walikuwa wananitazama, na Ihsan akanipisha mbele, nikakaa zulia moja na Nyamvula, goti langu limegusa lake. Pale kwenye televisheni alikuwa Bwana Ghanim, mtu mnene wa ndevu nyeupe, mafuta ya mashine kwenye kucha, na nyuma yake dirisha la duara lenye mwanga wa jioni. Honi ya meli ikalia.

"Shikamoo mshenga," akaniambia, na hanizidi wala simzidi umri.

"Marahaba," nikajibu, maana sikujua la kusema jingine.

"Mfikishie Bi Nyamvula kwamba nimekubali." Akanyanyua kidole. "Wala usitie sukari."

Nikamgeukia shoga yangu. Alikuwa karibu nami kiasi kwamba niliona wanja ulivyomchirizika kwa kucheka, au kwa kulia. Alishaisikia kila herufi, kama mimi, kama ukumbi mzima, kama watoto kule nje. Lakini alingoja, mikono mapajani, afikishiwe.

"Anasema amekubali," nikamwambia.

"Hakusema kingine?"

"Hakusema kingine."

Nyamvula akaninyanyua na zulia zima, akanikumbatia, akapiga kigelegele ambacho, nina hakika, kule Salala walikisikia bila kasha.